Mamlaka Yote ya Bi Kidawa

Wapo watakaosema nchi hii haipo. Sina ubishi nao. Hata mimi ninayeishi ndani yake sijawahi kuona cheti kinachothibitisha kwamba ipo, na katika Jamhuri ya Yakini kitu kisicho na cheti hatukisemi kwa sauti.

Ila haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Jina langu ni Hamdani Kipozi. Nilikuwa tarishi wa Idara ya Uthibitisho, jengo la ghorofa nne linalotazamana na Posta Kuu, na kwa miaka ishirini na miwili faili zote za jengo hilo zilipanda na kushuka mikononi mwangu. Lifti ipo, lakini bado haijathibitishwa.

Idara yetu ndiyo inayogonga mihuri kwenye karatasi zinazokwenda ng'ambo. Ukitaka mtu aliye nchi ya mbali akufanyie jambo kwa niaba yako, unaandika hati ya uwakilishi. Unaitia saini mbele ya wakili, wakili anaishuhudia, kisha sisi tunathibitisha kwamba wakili ni wakili na saini ni saini. Huko ng'ambo wakiuona muhuri wetu wanajua karatasi imepita kwa watu makini. Zamani kazi hiyo ilichukua siku moja. Hapo ilikuwa bado haijaboreshwa.

Bi Kidawa Mshangama alikuwa mkunga mstaafu wa miaka sitini na moja, mwanamke wa mwendo wa taratibu, mwenye kumtazama mtu usoni kana kwamba anakagua kama alizaliwa salama. Mdogo wake wa kiume, Shaweji, alikuwa amefariki katika mji wa baridi uitwao Kaldenburg, alikokuwa akioka mikate kwa miaka kumi na tisa. Moyo ulisimama akiwa kazini, mbele ya tanuri. Hospitali ya huko ikaandika barua: mwili utahifadhiwa siku thelathini. Ndugu asipofika, au asipomteua mtu kwa hati iliyothibitishwa na serikali ya nchi yake, mji utauchoma mwili na kumwaga majivu katika bustani ya umma. Barua ilikuwa ya adabu sana. Waliambatanisha na picha ya bustani.

Shaweji alikuwa mtu wa swala tano. Rafiki yake wa kazini, Yona Kihwele, ambaye ni Mkristo, alikwisha kwenda msikitini kwa niaba yake: kaburi lipo, sanda ipo, watu wa kumwosha wapo. Kilichokosekana ni karatasi moja. Siku zilizobaki zilikuwa ishirini na nne.

Bi Kidawa alianzia kwa Wakili Ngwale, kama sheria inavyotaka.

"Sheria inataka mashahidi wawili wanaokujua tangu kuzaliwa," wakili akamwambia.

"Mwanangu, walioniona nikizaliwa wote wako makaburini."

"Sheria haikutaja makaburi, mama. Imetaja mashahidi."

Bi Kidawa akamgeukia karani wa wakili, mtu mzima mwenye upara aliyekuwa akipanga majalada pembeni. "Wewe si mtoto wa Stamili, aliyekaa nyuma ya kiwanda cha sabuni?"

"Ndiye mama yangu, marehemu."

"Basi unanijua tangu kuzaliwa. Ulitanguliza miguu. Mikono ya kwanza kukushika ni hii."

Wakili akasoma kifungu mara tatu. Kweli kilisema tangu kuzaliwa; hakikusema kuzaliwa kwa nani. Shahidi wa pili akapatikana chini ya jengo, fundi cherehani, naye alipokewa na mikono hiyohiyo, mwaka wa mafuriko. Wakili akafurahi kuona sheria imetimizwa. Akaandika hati kwa mkono wa kunyoosha, na kwa kuwa ni mtu wa tahadhari, mahali penye "natoa mamlaka" akaongeza "yangu yote", ili huko ng'ambo wasije wakasema ni pungufu.

Kazi hiyo ilikula siku mbili. Jumatano asubuhi Bi Kidawa akaingia kwetu.

Nilikuwa ngazini na faili kifuani nilipomwona akipita madirishani. Dirisha la kwanza likathibitisha saini ya wakili. La pili likathibitisha kwamba la kwanza lilikuwa wazi wakati lilipothibitisha. La tatu likampongeza kwa kufika pale. La nne ndilo lenye muhuri wenyewe, na hapo alikuwepo Bi Asnati, mwanamke mpole anayesoma kila mstari kwa rula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwombaji wa muhuri ni nani?"

"Ni mimi."

Asnati akasogeza rula. "Hapa unasema umempa Bwana Yona Kihwele mamlaka yako yote."

"Ndiyo."

"Na umetia saini. Na madirisha matatu yamethibitisha kwamba ni kweli."

"Ni kweli kabisa."

"Basi, mama, huna mamlaka ya kuomba muhuri. Umeshayatoa. Anayo Bwana Yona. Yeye ndiye aje aombe."

Bi Kidawa akavuta pumzi. "Yona yuko ng'ambo. Hati hii ndiyo ninayotaka kumpelekea."

"Naelewa, mama."

"Basi nipe niichane, niandike nyingine yenye mamlaka nusu."

"Kufuta hati kunahitaji mamlaka."

"Basi naenda nyumbani nikafikiri."

Asnati akainamisha macho. Nimesema ni mpole. "Mlangoni kuna kitabu cha kutokea," akasema kwa sauti ndogo. "Kinatiwa saini. Asiye na mamlaka hawezi kutia saini."

Mimi ndiye niliyemchukulia mkoba na kumpandisha ghorofa ya pili, katika Ukumbi wa Wasubiri Mamlaka. Isidhaniwe kuwa ni kifungo. Mlango haufungwi, huwezi tu kupita wa chini. Chakula kipo, huletwa kutoka kantini, na vitanda vya kukunja tuliazima jeshini. Kalenda ipo pia, ya mwaka juzi, maana ya mwaka huu ilikuwa ikiwatia watu simanzi. Siku hiyo walikuwemo watu kumi na mmoja. Mzee mmoja alikuwa amepanda mchicha ndani ya ndoo ya mchanga wa zimamoto, na alikuwa ameshauvuna mara nne. Karibu na dirisha alikaa Sikudhani, mke wa baharia, aliyekuja kumpa mumewe hati ya kupokea malipo yake ya bima huko bandarini. Alipoingia mimba yake ilikuwa ya miezi miwili. Sasa alikuwa anakaribia kujifungua, na daftari la kliniki lilikuwa nyumbani.

Bi Kidawa akasimama kwenye nondo za dirisha. Ng'ambo ya barabara ilikuwa Posta Kuu, ambako bahasha za nje hupokelewa. Akahesabu hatua kwa macho.

"Ni arobaini," Sikudhani akamwambia. "Sote tumeshahesabu. Karibu ukae, mama."

Wiki ya kwanza Bi Kidawa hakukaa. Kila asubuhi alishuka mpaka dirisha la nne, akaeleza upya, akajibiwa upya kwa upole uleule, akapanda. Wiki ya pili akaanza kukaa. Niliona jambo hilo kwa wengi. Mwili huelewa kabla ya mwenyewe. Alichokifanya ni kumpapasa Sikudhani tumbo asubuhi na jioni, na kumpangia matembezi ya kutoka ukutani hadi ukutani, mara ishirini.

Yona alipiga simu kupitia simu yangu. Nilimpelekea Bi Kidawa, nikasimama karibu, maana mali ya mtumishi isitumiwe bila mtumishi kuwepo.

"Dada Kidawa, nimekwenda ubalozi wetu wa huku," Yona akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetembea sana. "Nikawaambia, mamlaka ninayo mimi, naomba muiambie Idara igonge muhuri. Wakaniuliza hati ya kuonyesha kwamba ninayo iko wapi. Nikasema iko Idara, inasubiri muhuri. Wakaniambia nikirudi nije na hati yenye muhuri."

"Umemwona Shaweji?"

"Nimemwona jana. Wamemtunza. Yule bwana wa mochwari alikuwa mteja wetu, kila Jumamosi alikuwa akinunua mkate wa shayiri. Anasema angeweza angemsogezea siku. Lakini tarehe ni tarehe, dada. Zimebaki tisa."

Bi Kidawa akaihamishia simu sikio la pili. "Yona, mdogo wangu amekaa miaka kumi na tisa mbele ya moto akitafuta riziki. Sitaki moto ummalizie."

"Najua, dada. Mimi nipo hapahapa."

Akanirudishia simu, akaifuta kwanza kwa kanga.

Kila Alhamisi Mkurugenzi wa Idara, Dakta Fulgensi Mahimbo, hushuka kutoka ghorofa ya nne kuwasalimu wasubiri. Ni mtu mwenye moyo. Alhamisi hiyo, zikiwa zimebaki siku tano, alishuka akiwa amevaa koti la kijivu, akasimama katikati ya ukumbi, akaunganisha vidole.

"Ndugu wananchi," akasema, "kuna nchi, sitazitaja, ambako raia hana mamlaka kwa sababu amenyang'anywa. Nani hapa amenyang'anywa? Hakuna. Kila mmoja wenu ametoa mwenyewe, kwa hiari, mbele ya wakili. Watu wanavuka bahari kutafuta uhuru wa namna hii. Na mimi, mtumishi wenu, jukumu langu ni kuhakikisha kwamba mlichokitoa hakirudi mikononi mwenu kwa bahati mbaya."

Tulipiga makofi. Bi Kidawa akainua mkono.

"Mheshimiwa, naomba muhuri mmoja. Ndugu yangu atachomwa Jumanne."

Mkurugenzi akafumba macho. "Mama, ombi lako limenigusa sana. Lakini kwa kuwa huna mamlaka ya kuomba, sijalisikia."

Alikuwa anaendelea na sehemu ya pili ya hotuba, inayohusu mafanikio, Sikudhani aliposhika meza kwa mikono miwili na maji yakamwagika miguuni pake.

"Taarifa ya maandishi ililetwa?" Mkurugenzi akauliza.

Bi Kidawa alikuwa ameshafika. "Hamdani, maji ya moto kantini, na wembe mpya. Mzee, ondoa hicho kitanda ukilete hapa. Nyie shikeni kanga tatu mzunguke, mkitazama nje. Wewe," akamwambia Mkurugenzi, "vua koti hilo, tunataka kitu cha kumwekea mgongoni."

Dakta Mahimbo akavua koti. Akapewa na pembe ya kanga, akaishika, akiutazama ukuta kama alivyoagizwa. Nilistaajabu kuona mtu asiye na mamlaka hata chembe akiwaamuru watu kumi na watatu, na wote wakitii, akiwemo aliyeteuliwa na Rais. Nadhani palikuwa na kasoro ya utaratibu mahali fulani.

Saa saba kasoro dakika kumi mtoto wa kike akalia. Alikuwa mdogo lakini wa sauti. Bi Kidawa akamfuta, akamfunga, akamweka kifuani pa mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu aingie jengoni nikamwona akitabasamu.

Mkurugenzi alikuwa na machozi. Akayapangusa, akamtazama mtoto, kisha uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekumbuka mahali alipoweka funguo.

"Mtoto huyu hajatia saini popote," akasema. "Humu ndani ndiye mwenye mamlaka kamili. Anaweza kuwa mwombaji. Kipozi, mwite Asnati, aje na fomu, kidau cha wino na muhuri. Dole gumba linatosha."

Nilikimbia ngazi. Asnati akaja na vitu vyote juu ya trei ya chai. Bi Kidawa alikuwa ameshika mkono wa mtoto, kidole kidogo kama punje ya mahindi mabichi, na wino ulikuwa tayari umefunguliwa. Akasita.

"Na akishabandika dole, inakuwaje?"

"Hati inaondoka leoleo," Mkurugenzi akasema. "Mwombaji anabaki chini ya uangalizi wa Idara hadi stakabadhi ya kupokelewa hati irudi kutoka ng'ambo. Kifungu cha tisa."

"Huchukua muda gani kurudi?"

"Haijawahi kurudi, kwa hiyo hatuna takwimu."

Sikudhani akasema kutoka kitandani, sauti imemwishia: "Mbandikishe tu, mama. Nimeshakaa humu, na yeye atakaa na mimi. Wewe umetufanyia makubwa."

Bi Kidawa akamtazama mtoto muda mrefu. Nje, Posta walikuwa wanafungua tena baada ya chakula.

"Huyu hana saini ya kudaiwa mlangoni," akasema hatimaye. "Bibi yake akija, anatoka naye, hakuna wa kumzuia. Atoke." Akamfunika yule mtoto mkono. "Ndugu yangu ameshakufa. Huyu ndiyo kwanza anaanza."

Akaenda kunawa. Kisha akakaa kwenye benchi, akaugeukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti. Mkurugenzi akachukua koti lake, akaliangalia, akaliacha, akapanda zake juu.

Tuliteremka na Asnati, trei mikononi mwake. Katikati ya ngazi akasimama.

"Mzee Kipozi, mkataba wako wa kazi uliutia saini lini?"

"Sina mkataba. Mimi ni kibarua wa muda wa miezi mitatu."

"Tangu lini?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Akaunti ya benki? Hati ya kiwanja? Kitambulisho?"

"Kitambulisho walikosea jina, nasubiri. Nyumba ni ya shemeji."

"Kwa hiyo hujawahi kutia saini kitu chochote."

Nikafikiri. Sikuwa nimewahi.

"Basi mamlaka yako yote unayo," Asnati akasema.

Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa ana ndugu asiyewahi kumwona. Miaka yote nimepandisha na kushusha mamlaka ya watu, kumbe na mimi nilikuwa nayo, mazima, hayajaguswa. Nilimfikiria mke wangu, Tausi, ambaye huniwekea maji ya kuoga saa kumi na mbili. Nilimfikiria pia yule bwana wa mkate wa shayiri.

"Mzee, hakuna anayekulazimisha," Asnati akasema.

Sitajifanya shujaa. Nilidhani stakabadhi ingerudi baada ya wiki mbili, kwa sababu Yona ni mtu wa kutegemewa. Nikatia dole kwenye wino, nikalibandika kwenye fomu juu ya trei ya chai, hapohapo ngazini. Asnati akagonga muhuri kwa nguvu hadi vikombe vya ghorofa ya juu vikasikika. Akaweka kibao cha "Dirisha Limefungwa", akavuka barabara mwenyewe na bahasha. Niliangalia kutoka dirishani. Alizitembea zile hatua arobaini kwa haraka, kama anayekwepa mvua.

Jumanne alasiri Yona akapiga.

"Tumemzika, dada. Karatasi ilifika saa tatu asubuhi. Walikuja waoka mikate sita, na watu wa msikitini, na yule bwana wa mochwari. Theluji ilikuwa inaanguka. Imamu akaniruhusu nishike koleo."

"Kalazwa vizuri?"

"Kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Nilihakikisha mwenyewe."

"Mungu akulipe, Yona."

Sheria yetu ni ya haki: kazi ya hati ikiisha, mamlaka humrudia mwenyewe. Saa tisa na dakika kumi Bi Kidawa akawa tena mtu mwenye mamlaka yake yote. Akakunja kanga zake, akambusu Sikudhani, akaja kwangu. Nilikuwa nimeshapewa kitanda, kile cha karibu na mchicha.

"Baba Hamdani, nimetoka kwa mgongo wako."

"Ni stakabadhi tu, mama. Itakuja."

"Nitamwambia nini mkeo?"

"Mwambie niko kazini."

Akashuka, akatia saini kwenye kitabu, akatoka. Tangu hapo huja kila Ijumaa. Haruhusiwi kuingia bila hati, kwa hiyo husimama kwenye ngazi za Posta, pamoja na Tausi, na bibi yake yule mtoto akiwa amempakata. Sikudhani na mimi husimama dirishani. Mtoto sasa anaota meno. Bi Kidawa humnyanyua juu ili tuyaone, ingawa kutoka huku hayaonekani, na Sikudhani husema ameyaona.

Na stakabadhi ilirudi. Ndiyo ya kwanza katika historia ya Idara, na gazeti la serikali liliandika habari zake. Ilifika siku ya kumi na tisa, imesainiwa na Yona kwa herufi kubwa, nayo iko mapokezi, ghorofa ya chini, ndani ya faili jipya la kijani. Ili niachiliwe, inatakiwa ifike kwa Mkurugenzi ghorofa ya nne.

Faili hupandishwa na tarishi. Asnati alijaribu kuipandisha mwenyewe, akapewa onyo la pili, la kwanza likiwa la kuvuka barabara. Nilimwomba Mkurugenzi aajiri tarishi mwingine. Akanieleza kwa huruma kwamba nafasi hiyo haiwezi kutangazwa, kwa kuwa kisheria haikuwahi kuwepo. Mimi nilikuwa kibarua. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe, akishuka Alhamisi kutusalimu, anaweza kuipitia. Akacheka vizuri tu, akanipiga begani.

Aliye chini ya uangalizi hashuki hata madirishani kama wasubiri wengine, basi nimeandika ombi la kuruhusiwa kushuka ghorofa moja, kuichukua na kuipandisha, jambo ambalo nimelifanya maisha yangu yote. Ombi limepokelewa. Liko hapa kwenye trei ya ghorofa ya pili, naliona nikiwa nimelala, linasubiri mtu wa kulipeleka juu.